Jasusi wa Chumbani

Mpenzi msomaji, mwezi huu naanza kwa kujitaja mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: mie niliwahi kuwa jasusi. Sikuajiriwa na serikali yoyote wala sikulipwa senti tano. Zamu yangu ilikuwa usiku, mume akishaanza kukoroma, na eneo langu la kazi lilikuwa chini ya mto wake, pale anapoweka simu.

Msimu wa karafuu uliopita tulikwenda kwao, Wawi, Pemba. Ukishuka Chake Chake, Wawi ni mwendo mfupi tu wa gari, na ukienda wakati wa mavuno, harufu inakupokea kabla ya wenyeji. Kila kiwanja kina jamvi, kila jamvi lina karafuu. Tulikwenda mie, yeye, watoto wawili, na simu yake. Naihesabu simu kwa sababu kwa miezi miwili nilikuwa nimeishi nayo kwa karibu kuliko nilivyoishi na mwenyewe.

Ilianza na ujumbe mmoja. Nilikuwa natafuta namba ya shule, nikakuta: "Mkeo asijue kwanza. Ukiwa tayari niambie nikutumie." Aliyeandika kahifadhiwa kwa jina la "Fundi". Hebu niambie, shoga yangu, fundi gani huyo wa saa tano usiku?

Kuanzia hapo sikulala. Neno la siri nilikuwa nalijua, ni mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Kila usiku nafungua, nasoma, napiga picha kwa simu yangu, narudisha chini ya mto vile vile ilivyokuwa. Siku moja nikajitia ujasiri nikaipiga ile namba. Akapokea mwanamke, sauti laini, "Haloo?" Nikakata. Basi, kesi imekwisha, hukumu imetoka. Mpaka tunafika Wawi nilikuwa na picha 41. Nilikuwa na faili, jamani.

Na siku ya pili tu, jikoni, nikamwaga yote kwa mama mkwe. Alinisikiliza bila kuacha kukuna nazi. Mwisho akasema, "Mwanangu, umemuuliza mwenyewe?" Nikamwambia wanaume hawaulizwi, wanashikwa.

Bond wa upande wa pili

Usiku ule tulikaa barazani tunachambua karafuu. Kwa msiyejua kazi hii, karafuu inatoka shambani na vikonyo vyake. Mnakaa jamii nzima, mnatenga karafuu huku na makonyo kule, na mikono ikishazoea, midomo ndiyo inafanya kazi. Watoto walikuwa wanabishana juu ya James Bond. Ami yake mume wangu, mzee aliyesomeshwa Leipzig miaka ya sabini, akacheka.

"Nyinyi mnamjua Bond tu," akasema. "Kule nilikosoma sie tulikuwa na wetu. Na wetu alikuwa hanywi sana."

Akatuambia habari za mchezo wa televisheni uitwao Das unsichtbare Visier. Jina lake linamaanisha kile kifuniko cha uso cha kofia ya chuma ya askari wa zamani, ila hiki hakionekani. Yaani mtu kajifunika uso na wewe unaona uko wazi. Nilipenda jina lile papo hapo, maana nilidhani linamsema mume wangu.

Nimeufuatilia mchezo huo baadaye, kwa hiyo nikupe historia yake sawasawa. Miaka ile Ujerumani ilikuwa mbili. Magharibi wakiegemea Marekani, Mashariki wakiegemea Warusi, na baina yao Ukuta wa Berlin tangu 1961. Bond alikuwa ameingia sinema mwaka 1962 kwa filamu ya Dr. No. Marekani nao kwenye televisheni walikuwa na Mission: Impossible, iliyoonyeshwa na CBS kuanzia Septemba 1966 hadi Machi 1973. Ujerumani Mashariki walikuwa na tatizo ambalo Bond hakuwa nalo: watu wao walikuwa wanaweza kunasa televisheni ya Magharibi majumbani. Ukitaka wasitazame kwa jirani, lazima upike chako kiwe kitamu.

Basi mwishoni mwa 1973 wakatoa cha kwao. Mwongozaji alikuwa Peter Hagen, waandishi Otto Bonhoff na Herbert Schauer, na nyuma yao, mkono ukiwa begani, ilikuwepo Stasi yenyewe, wizara ya usalama wa taifa. Shujaa anaitwa Werner Bredebusch. Vita vya Pili vimekwisha, anapewa jina na maisha ya mtu mwingine, Achim Detjen, afisa wa zamani wa jeshi la Hitler. Kwa jina hilo anajipenyeza kwa Wanazi waliotoroka na baadaye katika jeshi jipya la Ujerumani Magharibi. Safari, suti, magari, wanawake wazuri, hatari kila kona. Kwa lugha yao, jasusi alikuwa ni yule wa adui. Wa kwao aliitwa mpelelezi wa amani.

Aliyeigiza ni Armin Mueller-Stahl, macho ya buluu, uso usiotikisika. "Wasichana wa Leipzig," Ami akasema, akatazama kama shangazi yuko karibu, "walikuwa wakimtaja kama mnavyowataja hawa wanamuziki wenu."

Mchezo ulikwenda vipindi 16, hadi 1979, lakini yeye hakufika mwisho. Mwaka 1976, serikali ya Mashariki ilimvua uraia mwimbaji Wolf Biermann alipokuwa ziarani Magharibi. Mueller-Stahl alikuwa miongoni mwa wasanii waliotia saini barua ya kupinga. Na hapo, yule aliyekuwa sura nzuri ya Stasi kwenye kioo akaanza kunyimwa kazi. Vipindi vilivyobaki wakapewa wapelelezi wengine. Yeye akahamia Magharibi mwaka 1980, akafika hadi Hollywood, na kwa filamu ya Shine ya 1996 akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

"Unaona?" Ami akasema. "Aliigiza kuilinda serikali, serikali ikamtilia shaka yeye."

Mume wangu alikuwa kainama kwenye karafuu zake. Hakusema kitu. Nikamtazama nikawaza, ngoja, zamu yako inakuja.

Wao na sisi

Usidhani hadithi hii iko mbali na sisi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ikawa ya mwanzo Afrika kufanya hivyo. Wakaja madaktari, walimu, mafundi. Nyumba za Kikwajuni kule Unguja walijenga wao, na ramani ya Michenzani ina mkono wao. Vijana wakapelekwa kusoma kwao, na mmojawapo ndiye huyu Ami anayechambua karafuu mbele yangu.

Na walikuja pia wa kazi nyingine. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, alifika Zanzibar mwaka ule ule wa 1964 kusaidia kuanzisha idara ya usalama, na ameandika habari hiyo katika kumbukumbu zake zilizotoka 1997. Huyu ndiye waliyemwita mtu asiye na sura, maana hadi mwishoni mwa miaka ya sabini mashirika ya Magharibi hayakuwa na picha yake ya kuaminika. Kwa hiyo wakati televisheni yao inaonyesha jasusi wa kuigiza, wa kweli alikuwa keshakanyaga mchanga wetu miaka tisa nyuma.

Wamarekani nao hawakuwa wamelala. Balozi wao mdogo Zanzibar alikuwa kijana aitwaye Frank Carlucci. Januari 1965 alifukuzwa nchini pamoja na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam, kwa tuhuma za kupanga njama dhidi ya serikali. Sababu ilikuwa maongezi yao ya simu yaliyosikilizwa. Maelezo ya Carlucci ni kwamba walikuwa wakishauriana namna ya kuishawishi Washington itume salamu za kumbukumbu ya Mapinduzi, wakatumia lugha ya silaha wakimaanisha hoja zenye nguvu. Aliyekuwa anasikiliza akasikia silaha. Mwisho wake, watu wawili wakafunga virago. Carlucci alikuja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA mwaka 1978 na waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 1987, kwa hiyo sikulaumu ukisema hakuwa mtu wa kuaminiwa tangu awali. Inawezekana. Ila maneno yenyewe, kwa jinsi anavyoeleza yeye, hayakuwa na bunduki ndani yake.

Ami alipofika hapo akaniangalia mimi. Sijui kama mama mkwe alikuwa amemnong'oneza. "Mwenye kuiba maongezi," akasema, "hupata maneno. Maana yake inabaki kwa wenyewe."

Nilijidai sikusikia. Nikasogeza makonyo yangu.

Mume aliyeitwa Donald

Kilichonitoa jasho ni hadithi ya mwisho. Ukuta ulianguka Novemba 1989, na kuanzia Januari 1992 wananchi wakaruhusiwa kusoma mafaili waliyofunguliwa na Stasi. Wizara ile ilikuwa na wafanyakazi wapatao 91,000, na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 na ushei. Mafaili yaliyobaki, ukiyapanga kwenye rafu moja, yanafika kilomita 111. Kwa kipimo chetu, Pemba kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini haifiki hata kilomita 70.

Miongoni mwa waliofunguliwa faili alikuwa Vera Wollenberger, mama wa watoto, mwanaharakati wa amani. Alikamatwa Januari 1988 kwa kushiriki maandamano, akatupwa gerezani, kisha akapelekwa uhamishoni Uingereza. Serikali ilipobadilika akawa mbunge. Katika faili lake kulikuwa na mtoa habari wa jina la siri Donald, ambaye anajua mambo ya ndani mno. Nani kasema nini mezani. Nani alikuja nyumbani. Donald alikuwa Knud Wollenberger, mumewe. Wakaachana mwaka 1992, na yeye anajulikana leo kwa jina lake la ukoo, Vera Lengsfeld.

Barazani pakawa kimya. Hata watoto waliacha kubishana. Shangazi akasema, "Astaghfirullah. Akilala naye?"

"Akilala naye," Ami akajibu. "Na asubuhi anaandika."

Mikono yangu ikasimama. Wewe unaweza kudhani nilimfikiria mume wangu na siri zake. La. Nilifikiria picha 41. Tangu mwanzo wa hadithi nilikuwa najiona mie ndiye Vera, mke mwema anayedanganywa. Sasa nikajiona ninavyofanya kila usiku: nalala naye, halafu naandika. Donald wa nyumba ile alikuwa mimi.

Majina mawili

Usiku ule, mara ya kwanza kwa miezi miwili, sikungoja akorome. Nikamwambia tutoke nje. Tukakaa kwenye ukingo wa kisima, nikamwambia yote: ujumbe, usiku, picha, namba niliyopiga. Nilitegemea agombe. Hakugomba. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kazi yangu unaijua?"

Nikamwambia najua, kwani vipi?

"Sina," akasema. "Tangu kabla ya Ramadhani."

Ofisi ilipunguza watu, na yeye alikuwemo. Kwa muda wote ule alikuwa anaamka, anavaa shati nililolipiga pasi mie, anabeba chakula nilichofunga mie, anaondoka saa moja kasoro. Anakwenda kukaa Forodhani, au maktaba, au kwa rafiki yake mwenye duka, hadi saa kumi, anarudi amechoka kama mtu wa kazini. Yule "Fundi" ni mama mmoja anayekopesha watu, na fedha alizotuma ndizo zilizolipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto. "Mkeo asijue kwanza" ilikuwa ni kweli kama ilivyoandikwa. Nilikuwa na maneno yote sahihi. Kama wale waliosikiliza simu ya Carlucci, nikasikia silaha.

Nami nikamwona mume wangu kama Werner Bredebusch, anayetoka kila asubuhi kwa jina la mtu mwingine. Jina lenyewe lilikuwa "mtu mwenye kazi". Nyumba yetu ilikuwa na majasusi wawili, kila mmoja anamficha mwenzake uso, na kitanda kimoja.

Nikalia, nikamwambia kosa ni langu. Akasema hapana, na yeye kanidanganya. Tungeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kufungia ukurasa. Lakini nilikuwa bado sijamwambia la mama yake.

Nilipomwambia kwamba mama mkwe anajua habari ya "mwanamke", alisimama. Akasema, "Kukosa kazi ningemwambia mwenyewe. Hilo la mwanamke nitamfutaje kichwani?" Na kisha akasema neno ambalo ningelipa fedha nyingi lisitamkwe: "Miezi miwili unaniona siko sawa. Sikuli vizuri, sicheki na watoto. Umekusanya picha arobaini na moja, huna hata swali moja?"

Alilala barazani kwa Ami siku tatu. Mama mkwe alinipikia, akanihudumia, hakunitukana. Ila kila nikiingia jikoni alikuwa anakuna nazi kimya, na mie najua anawaza nini.

Tufanyeje, sasa?

Najua barua zenu zitakavyokuja. Wengine mtasema, dada, kwangu nilichungulia na nikakuta kweli. Nawaamini. Wapo wanaume na wanawake wanaoficha mambo makubwa kuliko kukosa kazi, na mtu anayepigwa au anayehofia maisha yake simwambii akae kitako aulize kwa upole. Huyo atafute msaada haraka kwa anaowaamini. Nasema na sisi wa kawaida, wenye wasiwasi wa kawaida, tunaojua neno la siri la mwenzetu tukadhani tunamjua mwenyewe.

Jasusi kwenye televisheni ana raha moja: mwandishi keshampangia kwamba anayemchunguza ni mbaya kweli. Detjen akifungua droo, anakuta Wanazi. Wewe ukifungua simu hujapangiwa na mtu. Unaingia umeshaamua utakuta nini, na kila neno utakalosoma litakwenda kukaa pale ulipolitengea nafasi. Stasi walikuwa na kilomita 111 za maneno, na Ukuta uliwaangukia hata hivyo.

Kwa hiyo mie nimejiwekea masharti madogo. Nikiona kitu, nauliza siku ile ile, kabla hakijapata mkia. Nauliza kuhusu yeye kwanza: "Unaonekana hauko sawa, kuna nini?" Nikishindwa kuuliza, najiuliza mimi naogopa nini. Na jambo la chumbani halifiki jikoni kwa mama mkwe kabla halijafika kwa mwenyewe. Na wewe unayeficha, ujue uso uliofunikwa unaonekana kuwa umefunikwa. Mkeo hajui ni nini, lakini anajua kipo, na akikosa habari atajitungia.

Je, tumepona? Nikikwambia ndiyo nitakuwa nimerudi kwenye kazi yangu ya zamani ya uongo. Picha nilizifuta pale pale kisimani, mbele yake, moja moja. Amepata kibarua, si kama kile cha mwanzo, na deni la yule mama tunalilipa pamoja. Kwa mama yake alikwenda mwenyewe akaeleza, nami nikaenda nyuma yake kuomba radhi. Alinishika mkono akasema yamekwisha. Labda.

Simu yake ina neno la siri jipya. Silijui na sijaliuliza. Bado anaiweka chini ya mto, upande ule ule, na zipo nyakati za usiku inapotoa mlio nami niko macho. Hapo nageukia ukutani nahesabu. Juzi ilipolia, alikuwa macho na yeye. Akaichukua, akasoma, akasema gizani bila kuulizwa, "Ni Ami. Anauliza msimu ujao tunakwenda?"

Nikamwambia mjibu tunakwenda.

Tuonane mwezi ujao, inshaallah.